Chumba cha Bi Mwana Kule Vaals

Msinicheke. Najua siku hizi mtu anapanga Ulaya nzima kwa kidole gumba, amelala kochini, mdomoni ana chipsi. Mimi nimekaa kwenye kiti kimoja miaka ishirini na sita, ofisi ya chumba kimoja kusini-magharibi ya Houston, ukuta mmoja na bucha la halali, na watu kuanzia Sugar Land hadi Pearland wakiniita Mama Tiketi. Jina langu ni Zainabu, lakini ukimwulizia Zainabu hutaonyeshwa mtu. Sasa nimestaafu, magoti yananiuma, na leo nina hasira kidogo, kwa sababu juzi binti mmoja mzuri tu kanionyesha safari yake: miji saba, nchi mbili, siku tisa. Nikamwuliza, "Mwanangu, utaoga saa ngapi?" Akacheka. Mimi sikucheka.

Kazi nilifunzwa na Papa Kalonji, Mkongo aliyeishi Brussels miaka mingi kabla ya kuja Texas. Yeye ndiye aliyeifungua ile ofisi. Alikuwa mtu wa suti, hata Agosti, hata siku ambayo lami ya Houston inayeyuka. Mteja akiingia na kusema "nataka kuona Ulaya," Papa Kalonji hakufungua kompyuta. Aliweka kalamu chini akauliza maswali matatu. Nani mzee kuliko wote katika safari hii? Masanduku ni mangapi, na mangapi kati ya hayo ni mizigo ya watu wengine? Na huko mnakokwenda, mna jamaa?

Hayo mawili ya kwanza niliyaelewa upesi. Niliwahi kuwapa watu dakika tisa za kubadilisha treni, kwenye simu zilionekana zinatosha, nikasahau kwamba wana bibi wa miaka sabini na masanduku sita ya vitenge na unga wa ugali. Treni iliondoka bibi akiwa bado juu ya ngazi. Wallahi nilitukanwa siku ile kwa lugha tatu. Kwa hiyo andikeni muda wa mlango hadi mlango, si kituo hadi kituo. Kila mkihama mji mmekula nusu siku, na mkiwa na mzee mmekula siku nzima.

Lakini hilo la jamaa nililiona umbea tu. Mpaka nilipowapeleka mume na mke Paris na Brussels. Shangazi yao alikuwa Paris, wakaniambia watapita kwake saa moja tu, wanywe chai, halafu kituoni. Chai! Nyinyi mnaijua chai ya shangazi. Biriani ilikuwa bado motoni treni ilipoondoka, na walipojaribu kuinuka shangazi alilia. Hoteli ya Brussels wakaipoteza, na ziara ya siku ya pili wakaipoteza. Papa Kalonji akaniambia, "Zaina, nyumba ya jamaa ni mji. Iandike kama mji." Tangu siku hiyo ratiba zangu zote ziliandikwa hivyo: Paris, siku tatu, shangazi, siku moja.

Kosa langu kubwa silo hilo, lakini. Kulikuwa na bwana mmoja wa Arlington, dereva wa malori, alitaka kwenda harusi ya binti yake Ulaya. Nilimwekea hoteli ambayo yeye na mimi tulijua hatalala, ni ya kuonyesha tu, akishapata viza tunaifuta. Kila mtu alifanya hivyo. Mimi nikaharakisha, nikaifuta mapema, kabla uamuzi haujatoka. Ubalozini wakapiga simu hotelini kuuliza. Viza akanyimwa, na harusi akaitazama kwenye simu, amevaa kanzu, ameketi peke yake sebuleni kwake. Tangu hapo kila fomu anayojaza inamwuliza: umewahi kunyimwa viza? Papa Kalonji hakunigombeza. Hakusema nami siku mbili. Afadhali angenipiga.

Nimewaambia hayo ili mjue nilikuwa mtu wa namna gani asubuhi ile ndani ya gari la Khadija.

Khadija ni muuguzi, anakaa Pearland, kwao ni Mombasa kama kwetu. Alikuja ofisini miezi michache kabla sijastaafu. Anataka kumpeleka mamake, Bi Mwana, Uholanzi na Ujerumani. Hizo ni nchi jirani. Mtu mwenye mpango anazimaliza vizuri. Uholanzi alikuwako Hamid, kaka yake Khadija, anakaa Utrecht. Ujerumani, mji wa Aachen, alikuwako Bi Rukia, dada yake Bi Mwana wa tumbo moja. Bi Mwana ana miaka sabini na nne, Bi Rukia themanini na moja. Walikuwa hawajaonana miaka kumi na tisa, na macho ya Bi Rukia yalikuwa yanakwisha. Daktari alimwambia kinachobaki hakifiki mwaka.

Khadija alikuja na orodha: Amsterdam, Rotterdam, Utrecht, Cologne, Aachen, Berlin. Nikaifuta Berlin mbele ya macho yake. Nikafuta Rotterdam. Cologne nikaiacha iwe ya kwenda na kurudi. Akanuna. Tulipomaliza tukabaki na usiku kumi na mmoja: saba Utrecht kwa Hamid, na kutoka hapo siku moja ya kuiona Amsterdam na kurudi, kisha nne Aachen, hotelini, karibu na kwa Bi Rukia, kwa sababu Bi Rukia anakaa nyumba ya chumba kimoja. Ratiba ya kibinadamu. Nilijisifu.

Sasa sikilizeni jambo la viza. Khadija ana pasipoti ya Marekani, haimhusu. Bi Mwana ana pasipoti ya Kenya, na kuwa na kadi ya ukaazi ya Marekani hakumsaidii kule. Viza ya kule ni moja kwa nchi nyingi, lakini unaiomba kwa nchi ambayo utalala zaidi. Saba kwa nne, ni Uholanzi. Nikatafuta miadi. Houston zimejaa hadi mwisho wa kiangazi. Nikapata moja Dallas, saa sita mchana, na hakuna nyingine kabla ya likizo ya Khadija. Miadi ya Wajerumani nayo ilikuwa mbali zaidi. Na likizo ile hospitali ilimpa baada ya kubembeleza mwaka mzima. Bi Mwana hawezi kusafiri peke yake. Ikipita miadi ile, imepita na macho ya dadake.

Tukaondoka Pearland saa kumi na mbili asubuhi. Khadija anaendesha, mamake kaketi mbele na buibui jipya, mimi nyuma na faili mapajani. Kawaida siwasindikizi wateja. Bi Mwana nilimsindikiza kwa sababu alikuwa na hofu ya madirisha ya serikali, na kwa sababu alinishika mkono akasema, "Zainabu, mimi nataka nimwone dada. Sauti yake ninayo kila Ijumaa kwenye simu. Nataka nimwone na yeye anione."

Tulipokuwa tunaikaribia Huntsville, Bi Mwana akageuka, uso umemkunjuka, akaniambia, "Basi mwanangu, nitalala na dada siku nane. Nane! Na hiyo hoteli yenu imekwenda zake."

Nikauliza, "Hoteli gani imekwenda?"

Naona macho ya Khadija kwenye kioo.

"Auntie," akasema Khadija, "nilitaka kukwambia. Mama mkubwa alisikia tuna-book hoteli, akapandwa na hasira. Akasema ndugu yake atalala hotelini, yeye yuko hai? Watu wa Aachen watasema nini? Akaapa hatatufungulia mlango. Sasa mimi ningefanya nini? Nime-cancel. Na nikampa nane. Hamid atabaki na tatu, hana neno."

"Lini?"

"Jumapili."

"Na leo ni Alhamisi, Khadija! Na faili hili linasema saba na nne!"

"Nilijua utakasirika."

"Sikukasirika! Simamisha gari!"

Akasimama kituo cha mafuta. Nikashuka, nikazunguka gari mara mbili. Malori yanapita, jua ndio kwanza linapanda. Mkononi nina karatasi ya hoteli ambayo haipo, na mbele yangu naona kanzu ya yule bwana wa Arlington.

Khadija akashuka akanifuata. Akasema kwa sauti ya chini, mamake asisikie, "Auntie, tuziache tu hizo karatasi kama zilivyo. Tukishafika, nani atatuhesabia usiku?"

Nitawaambia ukweli. Kwa nukta moja nilitaka kukubali. Ilikuwa rahisi, na pengine ingepita. Lakini nikamwambia, "Mimi siwezi. Nilifanya hivyo mara moja na mtu akakosa harusi ya mwanawe. Nikipeleka uongo huu, simwonyeshi mamako dadake, namfungia mlango. Ama tupate safari ya kweli kabla ya Dallas, ama turudi nyumbani."

"Kabla ya Dallas? Tuna saa nne!"

"Basi endesha."

Nikafungua ramani kwenye simu, nikaiweka kompyuta mapajani, na hapo nikafanya lile ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza ofisini. Sikumwuliza Khadija. Nilimwuliza mamake.

"Bi Mwana, wewe unataka kuona nini huko?"

"Dada."

"Na mashua za Amsterdam? Na kanisa kubwa la Cologne?"

"Kanisa nilifanye nini mimi?" Akafikiri kidogo. "Hamid siku nne zatosha, mke wake ana kazi. Zilizobaki, dada."

Nne kwa Hamid, saba kwa dada. Kwa hesabu hiyo Ujerumani inashinda, na Dallas tunakwenda bure. Nikawa naikuza ramani, naipunguza, naikuza tena. Aachen, wanangu, imekaa ukingoni kabisa mwa Ujerumani. Nikaivuta zaidi. Mtaa unatoka Aachen unakwenda magharibi, na kabla nyumba hazijakwisha, mstari wa mpaka unapita, na jina linabadilika: Vaals. Uholanzi! Nikatazama ratiba ya mabasi. Dakika ishirini na kitu kutoka kwa Bi Rukia. Hakuna polisi, hakuna geti, mtu unashuka tu na kikapu chako.

Nikapiga kelele hata Khadija akayumba na gari.

"Utrecht usiku nne," nikasema. "Vaals usiku nne. Hizo ni nane za Uholanzi. Halafu Aachen kwa dada, usiku tatu. Kila siku tangu ya tano Bi Mwana yuko na dadake, ila hizo nne za Vaals anavuka mpaka kwenda kulala."

"Analala wapi huko Vaals?" akauliza Khadija.

Jibu lilikuwa lile lile. Hotelini.

Ikabidi tupige simu Aachen. Texas ilikuwa saa mbili asubuhi, kule ni alasiri. Bi Rukia akapokea mara ya kwanza, kana kwamba simu alikuwa ameishika.

"Shikamoo mama," nikasema. "Ni Zainabu, wa tiketi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa hoteli?"

"Ndiye mimi."

Loo! Nilielezwa nasaba yangu. Nilielezwa kwamba sisi watu wa Marekani tumepoteza haya. Godoro jipya amenunua, achari ya maembe iko kwenye chupa tangu mwezi uliopita, majirani Wasomali wameshaalikwa. Mimi nikawa nasema naam, naam, huku natazama vibao vya barabara vikipita, maili zinakwisha. Nikamweleza viza. Nikamweleza usiku nne na nne na tatu. Akaniacha nimalize, kisha akasema, polepole, "Kwa hiyo mdogo wangu anatoka Marekani kuja kuniaga nikiwa bado naona, na magharibi ikiingia nimtoe nje kama mgeni wa ofisi. Hapana. Kama ni hivyo asije."

Bi Mwana alikuwa anasikia, simu iko wazi. Alikuwa ametazama nje ya dirisha, machozi yanashuka hayafuti. Khadija naye analia anaendesha, nikamwambia lia lakini tazama mbele. Ilikuwa saa tatu kasoro.

Bi Mwana akanyoosha mkono nyuma. "Nipe hiyo simu."

Nikampa.

"Dada," akasema. "Nisikilize, usinikatize, maana hujapata kuniacha nimalize hata siku moja. Mimi sikai hotelini. Mimi nimepanga chumba Vaals siku nne. Nimekipanga mimi. Ni kwangu. Na wewe nakualika."

"Nini?"

"Nakualika. Uje ulale kwangu. Mchana tutakuwa kwako, na hao Wasomali wako na achari yako. Usiku utakuja kwangu. Miaka yote mimi nimekula kwako, nimelala kwako, nywele umenisuka wewe. Wewe kwangu hujalala hata siku moja. Utakataa mwaliko wa mdogo wako?"

"Kina vitanda vingapi?" akauliza Bi Rukia.

Bi Mwana akanitazama. Nikaonyesha vidole viwili.

"Viwili."

"Nitakuja na birika langu."

"Usije na kitu! Mgeni haji na birika!"

"Basi naja na mswala tu."

"Mswala sawa."

Mimi hapo tayari nilikuwa naandika. Nikaweka chumba cha vitanda viwili, penye lifti ili wasipande ngazi. Barua ya Hamid, iliyokuwa tayari ndani ya faili, ilisema tu kwamba anampokea mamake katika tarehe za safari, haikuhitaji kuguswa. Ratiba nikaiandika upya, na barua ya maelezo nikaiandika upya, nikasema kila kitu wazi: mchana atavuka kwenda kwa dada yake Aachen, usiku atarudi Vaals, na dada yake atakuwa pamoja naye. Sikuficha kitu. Tukashuka Corsicana, kwenye maktaba ya mji, dakika chache baada ya kufunguliwa. Mashine ya kuchapa ikameza karatasi ya pili. Mama mmoja wa maktaba akaifungua taratibu, taratibu, kama anamfungua mtoto nepi, nami nimesimama pale nasoma aya zote ninazozijua. Ikatoka. Tukakimbia. Dallas foleni ikatusimamisha, Khadija akatushusha mlangoni gari likiwa halijasimama sawasawa, na tulifika dirishani zimebaki dakika sita.

Kijana wa dirishani alisoma ratiba mara mbili. Akamwuliza Bi Mwana, nami nikatafsiri, "Kama dada yako anakaa ng'ambo ile, kwa nini ulale ng'ambo hii?"

Bi Mwana akamjibu, "Kwa sababu huko ndiko kwangu, na yeye ni mgeni wangu."

Nilitafsiri hivyo hivyo, sikuongeza neno. Kijana akapiga muhuri, akachukua pasipoti.

Wiki tatu. Sikulala vizuri wiki tatu. Mbele ya wateja wengine nilikuwa nachanganya majina ya miji. Bahasha ilipofika Pearland, Khadija hakuweza kuifungua, akanisubiri nitoke Houston. Niliifungua nimesimama kwenye njia ya gari, na jua la mchana, na viza ilikuwamo. Bi Mwana hakushangilia. Aliingia ndani kupanga sanduku.

Basi nyinyi mnaopanga, ulizeni maswali matatu ya Papa Kalonji, na la nne nimewaongezea mimi: yule mzee kuliko wote, amesema nini kwa kinywa chake mwenyewe? Si binti yake. Yeye. Mimi sikuuliza hadi barabarani, na nusura niwakoseshe.

Bi Mwana aliporudi alikuja ofisini, siku zangu za mwisho mwisho, nikiwa napakia faili kwenye maboksi. Akaniletea biskuti za Aachen. Nikamwuliza kwa Bi Rukia kulikuwaje. Akasema kulijaa watu siku zote, vyakula, vishindo, na dadake muda wote yuko jikoni, kampa mgongo. Nikamwuliza na Vaals?

Bi Mwana akaketi.

"Asubuhi ya kwanza," akasema, "dada aliamka akaketi kitandani, akaniuliza, 'Nani anapika chai?' Nikamwambia hakuna, dada, chai wanapika wao, iko chini, tukitaka tutashuka. Akatafuta viatu vyake, akaviona, akaviacha. Hakujua afanye nini na mikono. Wazazi walipokufa alikuwa na miaka kumi na sita, tangu hapo hajaamka mahali ambapo hakuna mtu anayemngoja ampikie. Akaketi tu. Halafu akanigeukia, akaniambia, 'Njoo hapa dirishani kwenye mwanga.' Nikaenda. Akanishika kidevu, akanitazama, Zainabu, akanitazama hata chai ya watu ikapoa huko chini. Akasema, 'Kumbe umezeeka, wewe mtoto.'"